Marufuku Kuingiza Mifugo Chuoni

Mwongozo wa maadili wa chuo chetu unamkataza mwanachuo kuogelea baharini baada ya saa kumi na mbili jioni. Chuo chetu kiko Tarime. Ukiitaka bahari kutoka hapa, panda basi alfajiri, shinda njiani, lala njiani, kisha uulize tena. Lakini kifungu kipo, kimewekewa nyota pembeni kuonyesha kwamba ni kosa kubwa, na katika miaka yote niliyofundisha pale hakuna mwanachuo hata mmoja aliyethubutu kukivunja. Kwa upande wa bahari tuko safi kabisa.

Chuo chenyewe kipo Nkende, katikati ya vibanda vya chipsi na mashine ya kusaga. Ni chuo kikuu kwa sababu bango la getini linasema hivyo. Mwongozo wake ulinakiliwa kutoka chuo fulani cha pwani, wakabadilisha jalada, wakachoka. Ndani mle umekatazwa kuingia darasani na nguo za ufukweni. Januari hapa asubuhi watu wanavaa makoti.

Mimi niliingia Kamati ya Nidhamu kwa sifa moja tu: ni mwanamke. Walihitaji mmoja. Mwanamke mwingine pale chuoni alikuwa katibu muhtasi wa mkuu, naye alikataa kwa sababu ana akili. Mimi nilikuwa bado mgeni, nimekuja kutoka Kilosa, sijui Kikurya hata cha kuombea maji, nikadhani kuteuliwa ni heshima. Haya.

Nikapewa nakala nikaisoma yote, jambo ambalo nadhani lilikuwa halijawahi kufanyika. Sehemu ya ulevi ilikuwa ndefu. Bia imo, gongo imo, bangi imo, mirungi imo, gundi ya viatu imo. Namna ya kunusa mdomo wa mwanafunzi imeelezwa, na kazi hiyo kapewa mlinzi wa getini, mzee ambaye shavu lake la kushoto halijapata kukosa mirungi tangu nimjue. Adhabu zimepangwa vizuri, kuanzia onyo mpaka kufukuzwa. Kisha unafungua ukurasa, unakuta sehemu ya ubakaji na udhalilishaji. Nusu ukurasa. Inasema chuo hakivumilii kabisa vitendo hivyo, na kwamba mashauri ya aina hiyo yatashughulikiwa kwa busara, kwa usiri na kwa kushirikisha jamii husika. Basi. Mlevi kawekewa adhabu, mbakaji kawekewa busara.

Nilipouliza kuhusu hilo, mwenyekiti wetu alinijibu kwamba ndiyo maana kuna semina. Mwenyekiti ni mtu wa kuletwa kama mimi, msomi, mpole wa sauti, anafungua kila kikao kwa sala ndefu na kukifunga kwa posho. Semina ilifanyika Mugumu, wilayani Serengeti, kwenye hoteli moja jirani na hifadhi, kwa kuwa masuala mazito kama haya hayawezi kujadiliwa mahali ambapo hakuna nyama choma. Tulikwenda na mkufunzi mwenzetu ambaye kwao ni Machochwe. Njia nzima alikuwa akituonyesha mashamba ya mahindi yaliyokanyagwa na tembo, na mwenyekiti alikuwa akimjibu kwamba huo ni utalii.

Asubuhi mwezeshaji alitufundisha maana ya ridhaa. Tuligawanywa kwenye vikundi, tukapewa karatasi kubwa na kalamu nene, tukaandika maana ya ridhaa kwa rangi ya kijani. Baada ya chakula cha mchana bia zikaanza kufika, moja moja kwanza, baadaye kwa kreti. Ilipofika saa kumi, wakati wa kufunga mada ya madhara ya vileo, mwenyekiti alikuwa amemshika mhudumu mkono, anamuuliza kwao wapi, na ule mkono haurudishwi. Binti wa watu anacheka kile kicheko cha kutafuta mlango. Nikamwambia, "Mwenyekiti, hapo tuko kifungu cha ngapi?" Meza nzima ilicheka. Yeye alicheka pia, akauachia mkono, na tangu siku hiyo akaanza kuniita mwanaharakati. Si kwa sifa.

Tulirudi na vyeti. Changu nakitumia kufunikia ndoo ya maji.

Sasa nije kwenye lenyewe. Wanafunzi walifanya hafla ya kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza, siku ya Jumamosi. Keki, muziki, hotuba ya mkuu kuhusu maadili, wakubwa wakaondoka, hafla yenyewe ikaanza. Asubuhi ya Jumapili niko uani kwangu nafua, akaja binti mmoja wa mwaka wa pili ninayemfundisha. Kwao ni Itiryo. Msichana mrefu, mkimya, anayekaa safu ya mbele na kuandika kila kitu hata kikohozi changu. Alikuwa amevaa sweta la mtu mwingine. Akasema, "Madamu, shikamoo." Katika hali ile, shikamoo hakuisahau. Nikaitika marahaba, nikamwangalia, nikaacha sabuni.

Aliniambia yote akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Kwamba alikunywa bia mbili, mara ya kwanza maishani mwake. Kwamba kizunguzungu kilimshika, na kijana mmoja, waziri katika serikali ya wanafunzi, mtoto wa mfanyabiashara wa ng'ombe hapo mjini, akajitolea kumsindikiza bweni. Hakumpeleka bweni. Alimpeleka kwenye chumba chake cha kupanga nyuma ya chuo, akafunga mlango, na yeye alisema hapana, akalia, akapigwa kofi, akabakwa. Alilitumia neno hilohilo. Ninalisema kwa sababu katika majuma yaliyofuata sikulisikia tena kwa mtu yeyote pale chuoni. Watu walisema "lile tukio", "ile changamoto", "yale ya Jumamosi". Wasomi bwana.

Nilimpeleka polisi dawati la jinsia, wakatupa fomu ya matibabu, tukaenda hospitali. Muuguzi aliyempokea alikuwa mama mmoja wa Kigoma, alimfunika shuka begani kabla hajamuuliza jina. Kufika mchana kijana alikuwa ameshakamatwa. Kufika jioni alikuwa ameshatoka kwa dhamana. Baba yake anajulikana.

Jumatatu kamati ikaitwa kwa dharura. Sala ikasaliwa. Mwenyekiti akasema tuna mashauri mawili: shauri la ulevi la msichana, na ile changamoto ya mvulana. Kwa kufuata utaratibu, tutaanza na lenye ushahidi.

Nikauliza ushahidi gani. Akasema, "Amekiri mwenyewe kwamba alikunywa."

Binti aliletwa, akasimama mbele yetu kama mwizi wa kuku. Wakamuuliza bia ya aina gani. Wakamuuliza nani alinunua. Wakamuuliza alikuwa amevaa nini, na swali hilo liliulizwa na mwalimu wa dini, kwa uchungu mkubwa wa kiroho. Alijibu yote kwa sauti ndogo. Mwishoni yeye ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo ningekunywa soda, mngeniamini?"

Mwenyekiti akamwambia ajibu maswali, asiulize.

Kisha akaingia kijana, shati jeupe, Biblia mkononi. Utetezi wake ulikuwa mfupi: alikuwa amelewa sana, hakumbuki kitu. Nikasubiri aambiwe kwamba naye kakiri ulevi. Wapi. Walitikisa vichwa kwa huruma. Mwalimu wa dini akasema pombe ni shetani. Mwenyekiti akasema mtu asiyejitambua hawezi kusemwa kwamba alikusudia, anahitaji ushauri nasaha. Bia ileile, ya hafla ileile, ilimfanya msichana kuwa mkosaji na mvulana kuwa mgonjwa. Nilipolisema hilo nilikuwa nimesimama bila kujijua. Nilikuwa na hasira ya kutosha kung'oa meza. Mwenyekiti alimgeukia katibu akamwambia aandike: mjumbe mmoja alikuwa na hisia.

Mambo yangeishia pale kama si ile nusu ukurasa yenye busara. Mwenyekiti aliifungua, akaisoma kwa sauti, akafika kwenye "kushirikisha jamii husika", uso ukamng'aa. Akasema sisi wageni katika mkoa huu tuna tabia ya kudharau mila za wenyeji. Wakurya wana utaratibu wao wa kumaliza mambo, wa tangu zamani, wenye ng'ombe na heshima. Chuo hakiwezi kuwa kisiwa. Alisema kwa hisia kabisa. Mtu ambaye miaka yote ile alikuwa akiagiza ugali wa mtama uondolewe mezani kwake, leo kawa mlinzi wa mila.

Mkufunzi wa Machochwe, ambaye ndiye Mkurya pekee kwenye meza ile, alikuwa akichora tembo kwenye karatasi yake. Hakuulizwa chochote.

Wakapiga simu. Kwenye kumbukumbu za chuo baba wa binti ni marehemu, kwa hiyo akatafutwa mwanamume wa ukoo, na mfanyabiashara wa ng'ombe kwa wema wake akasaidia kumtafuta. Jumanne yule mwanamume akafika, baba mdogo kwa maelezo yake, kavaa koti jipya lenye alama ya mkunjo wa dukani. Tukakaa. Binti akaitwa asikilize, si aseme. Lakini alisema. Alimwangalia yule mtu, akatuangalia sisi, akasema, "Huyu si msemaji wa mji wetu kule nyumbani. Muulizeni bibi."

Mwenyekiti akamwambia kwa upole kwamba bibi ni mtu mzima, haifai kumsumbua na mambo ya aibu, na hata hivyo jambo hili ni la wanaume wa familia. Binti akafungua mdomo tena. Akaambiwa akumbuke kwamba yeye ni mtuhumiwa wa ulevi.

Wale wanaume wawili, baba mdogo na baba wa kijana, wakapatana chini ya nusu saa. Ng'ombe watakwenda Itiryo, familia itasamehe, polisi wataambiwa kwamba mambo yamekwisha nyumbani. Tukapewa uamuzi. Kijana, onyo na ushauri nasaha. Binti, kusimamishwa masomo mwaka mzima kwa ulevi, awe ameondoka bwenini kufikia Ijumaa.

Nilijua maana yake, na yeye alijua. Wasichana waliosimamishwa mwaka mzima sijaona aliyerudi. Mkopo unakatika, nyumbani maneno, mwaka unakwisha tayari ana mtoto mgongoni au kaolewa na mtu asiyemtaka. Na kesi bila familia inakufa yenyewe. Askari wa dawati alishanipigia simu kuniuliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea, kama ni kweli tumepatana. Nikamwambia mimi sijapatana na mtu. Akasema, "Madamu, wewe si familia." Kweli, si familia. Usiku sikulala vizuri, na Jumatano nilifundisha darasa zima huku nafasi ile ya mbele ikiwa wazi. Niliumia, sitaki kusema uongo.

Alhamisi asubuhi niko darasani nasikia ng'ombe. Kusikia ng'ombe Tarime si habari. Lakini huyu alilia karibu, karibu mno, kama vile anaomba kujibu swali. Wanafunzi wakasimama madirishani. Nikatoka.

Fuso la kubebea ng'ombe, lile linalokwenda mnadani, lilikuwa limeegeshwa ndani ya geti. Mlinzi alikuwa pembeni, kasahau hata kutafuna. Ng'ombe walikuwa wameshashushwa, wazuri, wanene, mmoja kafungwa kwenye mlingoti wa bendera, wengine wamejikaribisha wenyewe kwenye bustani ya mkuu wa chuo, ile yenye kibao cha Usikanyage Maua. Hawakukanyaga. Walikula. Na katikati ya uwanja amesimama mwanamke mzee, mfupi, kavaa koti kuukuu la kiume na mabuti ya mvua, fimbo mkononi, na kando yake mama wa makamo ambaye kwa sura tu nilijua ni mama wa mwanafunzi wangu.

Mwenyekiti akafika mbio, tai imekwenda begani. Hata hivyo adabu alikuwa nayo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni nani hapa alipokea wageni kwa niaba yangu?"

Mwenyekiti akamwuliza ni wageni gani.

"Wenye hizi ng'ombe. Nimezikuta kwa mtoto wa shemeji yangu, anazichunga anacheka. Nimemuuliza ni za nini. Ananiambia chuo wamekubaliana. Nikasema sawa, kama chuo ndiyo wamekubaliana, ng'ombe ni za chuo. Zipokeeni."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kila neno lilifika. Mwenyekiti akajikusanya, akavaa ile sauti yake ya semina. Akamweleza kwamba chuo kinaheshimu sana mila, na ndiyo maana kilimtafuta mzazi wa kiume, kwa kuwa baba wa binti alishafariki.

"Baba yupi?" akauliza bibi.

"Baba yake mzazi, bibi."

Bibi akamgeukia mama wa binti, wakaangaliana, na yule mama, ambaye hakuwa amesema kitu tangu afike, akaziba mdomo kwa kanga. Nikaona mabega yanacheka. Bibi akamwambia mwenyekiti, polepole kama anamwelekeza mtu njia, "Huyu mama yake ni mimi nilimtolea mahari. Ng'ombe zangu. Nilimleta mimi kwenye mji wangu. Watoto aliozaa ni wa mji wangu. Unatafuta mwanamume gani tena?"

Mwenyekiti alitazama kushoto na kulia. Mkufunzi wa Machochwe alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, mikono mfukoni. Safari hii akaulizwa. Akasema, "Nyumba ntobhu, Mwenyekiti. Mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaoa msichana kwa ng'ombe zake, ili mji usife. Watoto watakaozaliwa ni wake. Jina wanachukua la marehemu mume wake, ndiye huyo baba marehemu uliyemwona kwenye kumbukumbu. Alikufa kabla binti hajazaliwa. Mwenye sauti kwenye mji ule ni bibi. Yule mwenye koti jipya ana haki sawa na mimi."

"Na kwa nini hukusema juzi?"

"Mlisema mnafuata mila. Nikadhani mnazijua."

Kwa hilo hajanipendeza mpaka leo, maana angeweza kusema na binti asingekaa siku mbili zile akifunga virago. Nilimwambia. Alinijibu kwamba kwao mtu haingilii mji wa mwenzake mpaka aombwe. Haya, naye ana mila zake za kujifichia.

Mwenyekiti hakuwa amemaliza. Msomi haishiwi. Alisema basi, kama bibi ndiye mwenye mamlaka, tunaweza kukaa upya, yeye mwenyewe, chuo, na familia ya kijana, tukaongeza hata—

Bibi akanyoosha fimbo, si kwake, kwa ng'ombe aliyefungwa kwenye mlingoti. "Kwetu ng'ombe zinakuja wakati binti anaolewa. Zikija, watu wanajua ameolewa. Sasa mimi nakuuliza wewe, mjukuu wangu mmemwoza kwa nani?"

Wanafunzi walikuwa wamejaa barazani, chuo kizima, na hakuna aliyecheka. Ndipo hapo mimi mwenyewe nilipoelewa tulichokifanya mle ndani baada ya sala. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukamwoza msichana kwa mtu aliyembaka, tukaita busara.

Alichokipata mwenyekiti cha mwisho kilikuwa kile alichoanza nacho. "Lakini bibi, binti alikunywa pombe."

"Alikunywa," akasema bibi. "Ameniambia kwa simu, na nitamgombeza mpaka achoke. Hiyo ni kazi yangu. Ya huyo kijana ni kazi ya serikali. Nyinyi kazi yenu ni kumfundisha. Dawati la polisi liko wapi?"

Swali la mwisho aliniuliza mimi. Nikamwonyesha. Tulikwenda kwa miguu, bibi mbele na mabuti yake, mama, mimi, na binti ambaye alitoka bwenini bila kuitwa, bado na lile sweta la watu. Pale dawati bibi aliomba kiti, akakaa, akatangaza kwamba hakuna mtu wa mji wake aliyepatana na mtu, na atakayeleta habari hiyo tena aletwe kwake. Yule askari aliyenipigia simu aliandika kila neno. Safari hii familia ilikuwepo.

Ng'ombe walishinda chuoni mpaka jioni. Mfanyabiashara alipokuja kuwachukua mmoja alikuwa ameingia ukumbi wa mihadhara na kuonyesha msimamo wake kuhusu sera zetu palepale kwenye jukwaa. Mhudumu wa usafi alilalamika wiki nzima. Mimi nilitamani kumnunulia yule ng'ombe chumvi.

Baada ya hapo polisi walimwita mwenyekiti aeleze kwa maandishi ni kwa mamlaka gani chuo kilisimamia mapatano katika shauri la jinai. Aliporudi kutoka kituoni aligundua ghafla kwamba ule uamuzi wa kumsimamisha binti ulikuwa haujapata idhini, hivyo haukuwahi kuwepo. Onyo la kijana nalo halikuwahi kuwepo. Hata sisi wajumbe, ukimsikiliza vizuri, tulikuwa hatujakaa. Binti akarudi safu ya mbele. Kijana akafikishwa mahakamani, akaacha chuo, baba yake akaweka wakili. Kesi inaendelea mpaka ninapoandika haya, inapigwa kalenda kila mara, na kila tarehe ikifika bibi anapanda Fuso la mnadani kuja kukaa benchi la mbele na koti lake.

Kisha, jamani, tukaboresha mwongozo. Kikao maalumu, chai na sambusa. Niliandaa mapendekezo kwa mkono wangu. Kwamba anayeripoti kubakwa asiadhibiwe kwa kuwa alikuwa amekunywa. Kwamba aliyebaka asipewe nafuu kwa kuwa alikuwa amekunywa. Kwamba kamati isijihusishe kabisa na mapatano ya jambo la polisi, na mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mwenyekiti alinishukuru sana, akasema mapendekezo yamepokelewa na yatafanyiwa kazi kwa wakati wake. Kisha kwa kauli moja, mkono wangu tu ukiwa chini, kamati ikapitisha kifungu kipya. Ni marufuku kuingiza mifugo katika eneo la chuo. Kikawekewa nyota. Kikapangwa jirani na kile cha kuogelea baharini.

Mwaka uliofuata wakaja wanafunzi wapya. Ukumbi ulijaa, ukumbi uleule wa ng'ombe, na mwenyekiti akapanda jukwaani kuwasomea mwongozo. Alisoma ulevi mpaka watu wakasinzia. Ile nusu ukurasa aliipita kwa haraka ya mtu anayekanyaga makaa. Alipofika kwenye mifugo, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kijana mmoja wa nyuma akasimama, akauliza kwa adabu za mtu anayejua anachokoza, "Samahani, mheshimiwa. Ni nani aliyewahi kuleta mifugo chuoni?"

"Ni tahadhari tu," akasema mwenyekiti.

"Ni bibi yangu," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Alikuwa mwaka wa tatu sasa, kawekwa pale kugawa makaratasi. Aliyaweka juu ya kiti, akatembea katikati ya safu mpaka jukwaani, na mwenyekiti, sijui kwa nini, akasogea. Hakushika kipaza sauti. Alisema jina lake na kwao Itiryo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ndogo, na ukumbi ukabidi unyamaze ili umsikie, "Usiku wa hafla kama yenu ya Jumamosi hii nilikunywa bia mbili. Halafu nikabakwa na mwanafunzi mwenzangu. Bia niligombezwa na bibi, nikakoma. Kubakwa kuko mahakamani. Chuo kilitaka kumaliza kwa ng'ombe, bibi akawaletea ng'ombe wao. Ndiyo maana mna hicho kifungu."

Nilikuwa nimekaa pembeni na wajumbe wenzangu, machozi yananitoka na sikuyafuta, waache waandike tena kwamba nina hisia.

Mwenyekiti alirudi mbele, akasema muda umetubana, akageuza ukurasa kutafuta alipoishia. Kwenye safu ya tatu msichana mmoja mdogo wa umbo, ambaye hana hata juma chuoni, alikuwa ameinua mkono. Hakuwa akimtazama mwenyekiti.

"Dada," akasema, "na kama ilikuwa zamani, na hukumwambia mtu?"

Yule binti wa Itiryo alishuka jukwaani, akapita magotini mwa watu, akaomba asogezewe nafasi, akakaa karibu naye. Huku juu mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusoma habari za bahari.